Kitu hakidai jibu

Katika toleo lililopita ndugu yetu mmoja aliandika makala nzuri kwa lugha na mbaya kwa maana. Alisema mkimbizi anayekaa kungoja mgao amejigeuza mwenyewe kuwa kitu. Mtu ni kazi, alisema, na asiye na kazi hana tofauti na gunia la unga: linapakiwa, linashushwa, linapangwa, linangoja. Makala ilipendwa. Pale bombani niliwasikia vijana wawili wakiirudia karibu neno kwa neno, mmoja akacheka akasema, "Basi kile kichaa cha kule juu ni gunia tupu."

Wiki tatu makala hiyo imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Leo naijibu. Na kwa kuwa jarida hili linasomwa pia na ndugu zetu wa mashirika, nao wasistarehe bado. Wana makala yao inayosema jambo lilelile, ila wao wameiandika kwenye fomu.

Nianze na hilo neno "kile". Walimu wa sarufi wametufundisha kwamba kichaa, kiziwi, kipofu na kilema, ingawa yanaanza na ki- kama kiti na kikombe, yanafuata watu: kipofu amefika, kiziwi yule anaita. Ni sawa na kijana, ni sawa na kiongozi. Sijawahi kumsikia mtu hapa kambini akisema "kiongozi chetu kimefika". Nani angethubutu? Na mbuzi wa jirani akiingia kwenye mihogo tunasema "mbuzi amekula". Mbuzi tumempa a-, jirani yetu tumemnyima. Najua sisi wa Uvira na Fizi hatugombani sana na ngeli. Tunasema batu, tunasema bintu, tunachanganya na maisha yanaendelea. Lakini yule kijana wa bombani amekulia hapahapa Nyarugusu na Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Hilo "kile" halikumponyoka. Alilichagua.

Huyo anayeitwa kichaa namfahamu. Nilishiriki kumfuta.

Miaka michache nyuma nilikuwa mkalimani wa posho kwenye shirika moja. Asubuhi moja alikuja mezani kwetu mama mzee kutoka Fizi, ambaye hajui lugha nyingine zaidi ya Kibembe. Afisa, binti mwenye adabu zake kutoka mikoa ya huku Tanzania, alimwamkia, "Shikamoo bibi." Kwetu bibi ni mke wa mtu, mzee kama yule tunamwita koko, lakini hayo tulishayazoea, anayeamkia hatukani. Koko alikuwa na kadi ya watu wawili, yeye na mjukuu wake. Mwezi ule alipimiwa unga wa mtu mmoja.

Afisa aliangalia kompyuta. "Mwambie bibi, huyu kijana hakuja siku ya uhakiki kuweka kidole. Mfumo unaonyesha hayupo kambini. Jina limefungwa."

Nikamwambia. Koko alinitazama mimi, akamtazama afisa, akaitazama na ile kompyuta, halafu akasema kwa Kibembe maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Mwulize, hayupo vipi? Usiku mzima amenikatalia usingizi anapiga bati kwa jiwe. Aje alale kwangu siku moja tu, atajua kama yupo. Tena mwulize, kwa nini kabla ya kumfuta hamkuja kuniuliza mimi?"

Nje foleni ilikuwa imezunguka jengo. Nikageuka kwa afisa nikasema, "Anasema mjukuu yupo."

Maneno matatu. Koko alikuwa ametoa zaidi ya thelathini, na ndani yake kulikuwa na swali moja linaloanza na "kwa nini". Swali lile nililimeza. Sikulimeza kwa chuki. Nililimeza kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi ya Ndiyo na nafasi ya Hapana na haikuwa na mahali pa kuweka "kwa nini", na baada ya mwaka mmoja wa kazi ile hata masikio yangu yalikuwa yamechukua umbo la fomu. Afisa akajibu alichoulizwa: alete barua ya mwenyekiti wa kijiji, na kijana aje mwenyewe. Kijana mwenyewe hawezi kukaa penye foleni, akiona watu wengi anakimbia. Hiyo ndiyo sababu hakuja siku ya kidole. Ilikuwa ndani ya maneno ambayo koko angeyasema kama angeulizwa.

Jina lilirudi baada ya miezi mitano, mhudumu mmoja wa afya alipojitolea kumsindikiza jioni ofisi ikiwa tupu. Unga wa miezi mitano haukurudi. Na mpaka leo hakuna aliyekwenda kwa koko kumwambia kwa nini.

Sasa ndugu yangu mwandishi, hebu tuulize: katika hadithi hii ni nani aliyegeuka kitu? Kijana alikuwa kwao, anapiga bati. Hakugeuka chochote. Kuna jambo alitendewa, na walioshiriki kulitenda tunajulikana, mmoja wao anaandika mistari hii. Ukisema mkimbizi "amejigeuza kitu", umemficha mtendaji. Mtu hageuki kitu, hata ukimfunga kamba, hata ukimpandisha lori. Anaweza kutendewa kama kitu, na hapo kuna mwenye kutenda, mwenye jina na cheo. Kiswahili chenyewe kinalijua hili. Tunaposema fulani "hana utu" hatumsemi aliyefukuzwa, tunamsema aliyefukuza.

Sikilizeni jinsi tunavyoongea kwenye madawati ya ofisi. "Mfumo umekataa." "Mfumo unaonyesha." "Mfumo haujaruhusu." Mfumo unakataa, unaona, unaruhusu, una hasira zake, siku nyingine unaamka vibaya. Sisi je? Tunafungwa, tunahamishwa, tunafunguliwa, tunaunganishwa na kadi nyingine. Vitenzi vya mtu amepewa mfumo, vitenzi vya gunia tumepewa sisi. Na sisi wenyewe tumeyabeba mpaka nyumbani. Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, watu ambao walishauza masufuria walikaa chini ya mwembe wakaambiana, "Kesi zimekufa." Kesi ndizo zilizokufa. Waliouza masufuria hawakutajwa.

Nirudi kwa kazi. Namwelewa ndugu yetu, anataka vijana wasioze kwenye viti vya plastiki. Na msemo kwamba kazi ni kipimo cha utu ni wa zamani, hakuutunga yeye. Lakini aupime hapa tulipo. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inatutaka tukae katika eneo lililotengwa, na kutoka ni kwa kibali. Mkulima wa Fizi mwenye mikono mizima amekatazwa kwenda lilipo shamba. Kama utu ni kazi, basi utu wetu unatolewa na kuchukuliwa na karatasi ya kibali, na siku kibali kinapoisha saa kumi na mbili jioni, mtu anarudi kuwa gunia mpaka kesho. Anaamini hivyo kweli?

Kuna Mkongo mmoja ambaye hadithi yake inafaa hapa. Aliitwa Ota Benga, Mbilikimo, kama walivyoitwa, ingawa jina hilo wenyewe hawakujipa. Mmarekani mmoja alimchukua Kongo, enzi zile nchi nzima ilikuwa mali ya Leopold, akaonyeshwa kwenye maonyesho ya mwaka 1904 huko St. Louis. Mwaka 1906 aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kwenye nyumba ya nyani, na watu walikuja kwa maelfu kumtazama. Wachungaji Weusi wa Kibaptisti walipiga kelele mpaka akatolewa. Baadaye alipelekwa Lynchburg, Virginia, akafanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku. Kazi, ndugu yangu! Alikuwa nayo, na mshahara. Alichokuwa anataka ni kurudi kwao, vita vya dunia vikafunga njia, na Machi 1916 alijiua. Ndani ya nyumba ya nyani, bila kazi, Ota Benga alikuwa mtu kamili. Kiwandani hakuongezeka hata chembe. Walionunua tiketi kumwangalia, hao ndio wa kuulizwa habari za utu.

Wengine wataniambia, acha kazi, kipimo ni akili. Hawa wana mwanafalsafa mkubwa upande wao, tena wa karibu na kwetu. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu mwaka 1956 akachambua lugha yake na kuona vilivyopo vyote vinaingia katika mafungu manne. Mawili ya kwanza ni umuntu, aliye na akili, na ikintu, kisicho na akili. Humo kwenye ikintu akaweka jiwe, mti, na mnyama pia. Majirani zetu Warundi, waliotukuta hapa wengi wao mwaka 2015, wana maneno hayohayo, nasi tunayo: mutu, kintu, shina moja, kichwa tu kimebadilishwa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini Kiswahili hakikukubali kukata pale alipokata Kagame, ndiyo maana mbuzi ana a-. Na ukiichukua akili uipeleke pale bombani kama mzani, kitatokea kilekile: mtoto wa siku saba atakuwa kikombe, koko akianza kusahau majina atashushwa kidogokidogo, na mgonjwa wa malaria iliyopanda kichwani atakuwa kitu Jumatatu na mtu Alhamisi. Wafuasi wa Kagame watasema akili ni ya binadamu wote kwa jinsi yao, siyo ya huyu au yule. Sawa. Ila nimeona mzani huo ukitumiwa, na hautumiwi hivyo. Unatumiwa kwa huyu na yule.

Mimi nasema hivi. Mtu ni yule anayetudai jibu. Ukikivunja kiti, unaweza kudaiwa na mwenye kiti; kiti chenyewe hakikudai neno. Ukihamisha magunia kutoka ghala hili kwenda lile, magunia hayadai kuambiwa sababu. Ukimhamisha mama na watoto wake kutoka kijiji kimoja kwenda kingine, unadaiwa sababu na mama, na watoto pia, hata yule wa mgongoni asiyejua kusema. Kudai siyo lazima uwe na mdomo. Mtoto mchanga anadai, kichaa anadai, aliyelala hoi hospitali anadai. Deni liko kwa mdaiwa, halingoji mdai ajue kuhesabu.

Marehemu naye anadai. Tena angalieni lugha: polisi wanasema "mwili umepatikana", u-, kitu kilichookotwa. Matangani tunasema "marehemu anazikwa saa nane". Bado ana a- yake. Patrice Lumumba aliuawa 17 Januari 1961 kule Katanga, pamoja na Mpolo na Okito. Miili ilikatwa, ikayeyushwa kwa asidi, na polisi mmoja Mbelgiji akabaki na jino la Lumumba. Jino ni nini? Halina akili, halifanyi kazi, kwa mzani wowote kati ya hiyo miwili ni kitu, kidogo kuliko punje ya hindi. Juni 2022 Ubelgiji ililirudisha kwa watoto wake, likawekwa ndani ya jeneza kamili, likazungushwa Kongo, likazikwa Kinshasa tarehe 30. Nakumbuka watu wazima hapa kambini wakilia mbele ya simu ndogo iliyopasuka kioo. Hawakulilia mfupa. Walikuwa wanadai, miaka sitini na moja baadaye, wajibiwe kwa nini.

Hapa ndugu zetu wa mashirika watasema: sisi tufanyeje, watu ni wengi mno, lazima kuwe na orodha. Ni kweli, lazima iwepo. Sitaki kusikia mtu akitumia makala hii kuchana orodha. Hapa kambini asiyehesabiwa hali, na koko aligombania nini kama siyo kuhesabiwa? Namba yangu ya kadi naijua kwa moyo na sioni aibu. Shida inaanza hesabu inapotosheka na hesabu. Mwezi ule mjukuu alipofungwa, kijiji chetu kilizaliwa mtoto. Mmoja akatoka, mmoja akaingia, jumla ikakaa palepale, na kwenye ripoti bila shaka palionekana shwari. Gunia likipotea unaleta lingine na mambo yamekwisha. Mwaka 1785 Mjerumani Kant aliandika kwamba chenye bei kinaweza kuwekewa kingine badala yake, na mtu yuko juu ya bei yoyote. Watu wa Ujiji, hapo chini tu ziwani, wangeweza kumwambia jambo hilo bila vitabu. Babu zao waliona misafara ya watumwa ikivuka, na kila kichwa kilikuwa na bei.

Halafu hayo madodoso yenu. Mnakuja na vishikwambi, mnauliza: unakula milo mingapi, unajisikia salama, una maoni gani. Mwaka huo huo wanakuja wengine na maswali hayohayo. Mama mmoja wa zoni yetu sasa anajibu kabla hajaulizwa, "mlo mmoja, hapana, sina." Mnafurahi kwamba mmetuuliza. Lakini kuuliza ambako jibu haliwezi kubadilisha hata kijiko cha mafuta ni namna ya adabu tu. Na sanduku la maoni, tafadhali, nalo lina kufuli, na sijawahi kukutana na mtu aliyewahi kupata jibu kutoka humo. Mwaka jana tuliitwa kwenye semina ya utu, soda na biskuti, na fulana imeandikwa UBUNTU mgongoni. Nilivaa ile fulana kwenda kuchota maji. Ni fulana nzuri, haichuji.

Ninachodai ni kidogo kuliko fulana. Anayefunga jina aje, au atume mtu, aseme kwa mdomo: tumefunga, kwa sababu hii, na mimi ndiye niliyefunga. Kama sababu ni mbaya tutagombana, na kugombana ni mambo ya watu. Mgao ukipunguzwa, msibandike karatasi kwenye nguzo mkaondoka na gari.

Msiniambie haiwezekani. Kampuni ni mtu mbele ya sheria, inashtaki na kushtakiwa, ina jina, ina anwani. Huko New Zealand, mwaka 2017, mto Whanganui ulitambuliwa kisheria kuwa mtu, na wakawekwa watu wawili wa kusema kwa niaba yake. Sina ugomvi na mto. Mimi nimevuka Tanganyika usiku, najua maji yanaweza kuwa na hasira na huruma. Lakini mto umepewa wasemaji wawili. Mjukuu wa koko alikuwa na msemaji mmoja, bibi yake wa kumzaa mama, na msemaji huyo alikuwa na mkalimani, na mkalimani alikuwa ana haraka. Kifungu cha 6 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kinasema kila mtu atambuliwe kuwa mtu mbele ya sheria, popote alipo. Popote, hata kwenye dirisha namba tatu.

Baada ya kusikia lile neno pale bombani nilipanda kwa koko. Nilimweleza nilichofanya siku ile, maneno yake thelathini na yangu matatu. Nilitegemea atanifukuza. Alicheka. Akasema alijua palepale, mwana wangu, maana alipotaja habari ya bati yule binti hakucheka wala hakukasirika, ikawa wazi kwamba haijamfikia.

Nikamwomba ruhusa niandike habari hii.

"Unaniuliza mimi kwa nini? Mwenyewe huyo hapo."

Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, anapanga mawe kufuata ukubwa. Nilichuchumaa nikamweleza kwa Kiswahili, polepole, kwamba kuna jarida, na nataka kuandika kwamba alifutwa na mimi nilikuwepo. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani hakusikia. Kisha akauliza kama jarida lina picha. Nikasema halina. Akaweka jiwe lingine kwenye mstari, akasema niandike, lakini jina hapana.